Kuhifadhi na Kurejesha: Usimamizi wa Nakala Rudufu za Hifadhidata, kwa Mfano wa Eldoret

Utangulizi

Mwezi wa Februari mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret kwenye barabara iendayo Kapsabet, ulianzishwa mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa katika tarakilishi. Mfumo huo ulikuwa zao la ushirikiano baina ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Katika miezi 6 ya kwanza ziliingizwa rekodi 10,000 za ziara zilizofanywa na wagonjwa 6,190, na waliousimamia mradi huo waliripoti kuwa muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Takwimu hizo zimetajwa mara nyingi katika maandishi ya kitaalamu. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba hifadhidata yenyewe, iliyojengwa kwa programu ya Microsoft Access, iliwekewa tangu mwanzo zaidi ya njia moja ya kupata umeme. Waanzilishi walijua kuwa umeme wa mashambani hupotea bila kuaga, na kuwa tarakilishi ikizimika ghafla katikati ya kuandika, hifadhidata inaweza kuharibika.

Makala haya yananuia kueleza kazi inayofanyika nyuma ya mifumo ya namna hiyo: jinsi data za taasisi kubwa zinavyotolewa nakala, jinsi nakala hizo zinavyosimamiwa, na hatua za kuchukua pindi mambo yanapokwenda mrama. Huenda msomaji akajiuliza mada hii imefikaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba wengi wetu tunaohitimu katika idara za lugha hujikuta tumeajiriwa katika ofisi zenye seva, na aghalabu kazi ya "kuangalia zile nakala" humwangukia yule ambaye hakusomea fani hiyo. Mimi ni mmoja wao.

Kuhusu istilahi, nitatumia tarakilishi ingawa nafahamu kuwa wenzetu wa Tanzania hupendelea kompyuta, na mjadala huo sitauchokoza hapa. Nakala rudufu ni istilahi iliyokwisha kuzoeleka, nami naikubali, ila nina lalamiko moja dhidi yake. Neno rudufu huelekeza fikira kwenye tendo la kuzidisha, yaani kuwa na viwili badala ya kimoja, ilhali kiini cha kazi hii kimo katika kitenzi kingine kabisa, nacho ni kurejesha. Ofisi nyingi zimejaa vitu vilivyorudufishwa ambavyo haviwezi kurejeshwa, na hapo ndipo pana hatari ninayokusudia kuifafanua.

Karatasi kama nakala ya kwanza

Turudi Mosoriot. Mhudumu aliandika habari za mgonjwa kwa mkono kwenye fomu ya karatasi, kisha karani akaziingiza katika tarakilishi. Kwa mtazamo wa leo utaratibu huo waweza kuonekana wa kizamani. Hata hivyo, ukiutazama kwa jicho la msimamizi wa data, utaona kwamba kila habari ilikuwa na umbo mbili tangu ilipozaliwa: moja kwenye karatasi na nyingine kwenye diski. Karatasi ilikuwa nakala rudufu ambayo hakuna aliyeiita hivyo.

Tufanye hesabu kidogo. Rekodi 10,000 katika majuma 26 ni takriban rekodi 385 kwa juma. Tukichukulia kwamba karani huhitaji dakika 3 kuingiza fomu moja, kazi ya juma zima huweza kurudiwa kwa saa zipatazo 19, yaani siku mbili au tatu za kuchapa. Maadamu fomu zimetunzwa, kituo kama hicho kingeweza kupoteza data za juma zima na kuzipata tena kwa jasho la karani mmoja. Hasara hiyo inauma, lakini inavumilika.

Sasa tuuangalie ukuaji uliofuata. Mwaka huo huo wa 2001 ulianzishwa mpango wa AMPATH, wenye makao yake katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, kwa ajili ya kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wagonjwa waliongezeka upesi na hifadhidata ya awali ikaelemewa. Mwaka wa 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Indiana walianza kubuni mfumo mpya kwa ajili ya mahitaji ya Eldoret, na mwezi wa Februari 2006 mfumo huo ukaanza kutumika hapa. Ndio OpenMRS, programu huria ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi za Afrika na kwingineko. Naona ni vyema wanafunzi wa Eldoret wakajua kwamba programu inayotumika katika hospitali za mbali ilianza kufanyiwa kazi katika mji huu.

Mfumo wa aina hii unapokua, hufika wakati ambapo tabibu huandika moja kwa moja kwenye tarakilishi au kibao cha mkononi mbele ya mgonjwa. Karatasi hutoweka. Kila mtu hufurahi, na ni haki yao kufurahi, kwani makosa ya kunakili hupungua na mgonjwa hasubiri. Lakini siku hiyo ile nakala isiyo na jina nayo hutoweka. Ikiwa ratiba ya nakala rudufu ilikuwa mara moja kwa juma kwa sababu "tumezoea hivyo", basi kuanzia siku hiyo taasisi imo hatarini bila mtu yeyote kubadilisha chochote katika ratiba yenyewe. Kipimo cha damu kilichoandikwa asubuhi kwenye kioo cha tarakilishi na kupotea alasiri hakina mahali pengine kilipoandikwa. Itabidi mgonjwa atolewe damu tena, kama atarudi.

Ndiyo maana swali la kwanza la msimamizi halipaswi kuwa "tunatumia programu gani ya kunakili?" bali "tukipoteza kazi ya muda gani tutaweza kuirudia?" Jibu la swali hilo huitwa kiwango cha hasara inayovumilika, na ndilo linaloamua nakala zitolewe kila juma, kila usiku, au kila baada ya dakika chache. Swali la pili hulifuata: "tunaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani?" Maswali haya mawili hutakiwa kujibiwa na wenye kazi, yaani matabibu, wahasibu au wasajili, wala si fundi. Fundi akijiamulia peke yake, ataamua kulingana na diski alizo nazo.

Aina za nakala

Nakala kamili ni ile inayobeba data zote. Ni rahisi kuielewa na rahisi kuirejesha, ila hula nafasi na muda. Tuseme hifadhidata pamoja na faili zake ni gigabaiti 200, nawe wataka kuzipeleka katika mji mwingine kupitia mtandao wenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Hata kama mtandao huo hautatumiwa na mtu mwingine yeyote, safari hiyo itachukua saa zaidi ya 44. Haiwezekani basi kuifanya kila usiku.

Kwa sababu hiyo watu hutumia nakala ya nyongeza, ambayo hubeba tu yale yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia, iwe kamili au ya nyongeza. Nakala ya tofauti nayo hubeba yote yaliyobadilika tangu nakala kamili ya mwisho. Tofauti yake hujitokeza siku ya msiba. Iwapo nakala kamili hutolewa Jumapili usiku na seva ikafa Ijumaa asubuhi, mwenye nakala za nyongeza atahitaji ile ya Jumapili pamoja na za Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, zote tano na kwa mfuatano. Ya Jumanne ikiwa mbovu, za Jumatano na Alhamisi hazina faida, kama sura za hadithi iliyokatwa katikati. Mwenye nakala za tofauti atahitaji mbili tu: ya Jumapili na ya Alhamisi. Gharama yake ni kuwa nakala hizo hunenepa kila siku hadi Jumapili ifike tena.

Hifadhidata kama MySQL, ambayo ndiyo OpenMRS hutegemea, ina msaada mwingine ulio bora kuliko yote hayo. Inaweza kuandika katika daftari lake la ndani kila badiliko linalofanywa, kwa mpangilio wa wakati. Mtu akifuta kwa bahati mbaya orodha ya wagonjwa saa tano na robo asubuhi, msimamizi hurejesha nakala kamili ya usiku, kisha hulicheza lile daftari kuanzia hapo hadi saa tano na dakika kumi na nne. Kazi ya asubuhi nzima huokoka. Sharti ni moja: daftari hilo lisikae kwenye diski ile ile iliyo na hifadhidata, maana diski ikifa vitu vyote viwili vitakwenda pamoja.

Yafaa pia kuondoa dhana moja iliyoenea. Seva nyingi zina diski mbili zinazoakisiana, kila kinachoandikwa kwenye moja kikiandikwa kwenye nyingine papo hapo. Jambo hilo hukinga dhidi ya kufa kwa diski moja na si zaidi. Ukifuta rekodi, diski ya pili nayo huifuta kwa utiifu ule ule.

Na kuna yanayosahaulika. Picha za eksirei na faili nyingine zilizoambatishwa kwenye rekodi za OpenMRS huweza kuwekwa katika folda iliyo nje ya hifadhidata. Anayenakili hifadhidata peke yake atarejesha rekodi inayosema kuwa picha ipo, na picha isiwepo.

Saa nane na Ng'etich

Sehemu hii naiandika kwa kuwa vitabu vya fani hii, vilivyoandikwa mbali nasi, haviwezi kuyagusa mambo haya mawili.

La kwanza ni saa. Nakala hutolewa usiku, wakati watumiaji wamelala. Katika ofisi moja msimamizi aliagiza nakala itolewe "saa nane usiku", na kijana aliyepewa kazi akaandika 08:00 katika ratiba ya seva. Saa nane yetu ya usiku ni 02:00 katika hesabu ya tarakilishi, ilhali 08:00 ni saa mbili asubuhi, wakati foleni imefika mlangoni. Kwa muda wa mwezi mmoja watu walilalamika kuwa mfumo huwa mzito asubuhi, na mafundi wakachunguza nyaya, wakachunguza virusi, wakabadilisha hata swichi ya mtandao. Hitilafu ilikuwa ya lugha. Juu ya hayo, seva nyingi huwekwa kwenye saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3, hivyo kwamba hata aliyeandika 02:00 kwa usahihi huweza kukuta kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri na kuingiliana na wa zamu ya mapema. Ninapendekeza ratiba ziandikwe kwa namna zote mbili katika daftari la ofisi, bila kuona haya.

La pili ni majina. Eldoret ni mji wa akina Ng'etich, Ng'eno na Ng'eny, pamoja na akina Ng'ang'a waliohamia. Alama ile ndogo tunayoiweka baada ya ng ili kuitofautisha sauti ya ng'ombe na ile ya ngoma ndiyo pia alama ambayo lugha ya hifadhidata hutumia kuonyesha mwanzo na mwisho wa maneno. Programu rasmi za kunakili hulijua jambo hilo na hulishughulikia. Lakini ofisi zetu zina vijiprogramu vingi vilivyoandikwa na fundi aliyepita, vinavyotoa data na kuziandika upya kwa mkato. Kijiprogramu kama hicho kikifika kwa Ng'etich hudhani jina limekwisha kwenye Ng, na kilichobaki hukiona kuwa amri isiyoeleweka. Mara nyingine husimama na kutoa ujumbe wa kosa, na hiyo ndiyo heri. Mara nyingine huiruka rekodi hiyo na kuendelea.

Kuna umbo la tatizo hilo lililofichika zaidi. Alama hiyo ikichapwa katika programu ya kuandikia barua hugeuzwa ikawa ile iliyopinda, ambayo kwa tarakilishi ni herufi nyingine kabisa. Data zikitolewa kwa mfumo mmoja wa usimbaji wa herufi na kurejeshwa kwa mwingine, mahali pa alama hiyo hutokea herufi tatu za kigeni zisizosomeka. Hifadhidata imerejea, idadi ya wagonjwa ni ile ile, fundi ametia sahihi. Siku inayofuata mgonjwa anafika, jina lake linatafutwa, halionekani, na karani anamfungulia rekodi mpya. Sasa yupo mtu mmoja mwenye rekodi mbili, na ile iliyo na orodha ya dawa zilizomdhuru zamani haifunguliwi tena na mtu. Kwa hiyo mtu anayejua othografia ya lugha za hapa si mgeni katika chumba cha seva.

Nakala iliyosema imefaulu

Sasa nitasimulia kosa langu. Katika ofisi moja mjini, ambayo sitaitaja, nilikuwa msaidizi wa msimamizi wa mfumo, na zamu ya kukagua nakala ilikuwa yangu. Kila asubuhi nilifungua folda, nikaona faili mpya yenye tarehe ya usiku uliopita, nikaweka alama ya vyema katika daftari. Mwezi wa Oktoba nywila ya hifadhidata ilibadilishwa kwa sababu za usalama. Diski ya seva ilikufa Machi. Tulipozifungua nakala tulikuta kwamba kila faili ya tangu Oktoba ilikuwa na ukubwa wa baiti 20.

Maelezo yake ni haya. Amri yetu ilikuwa na sehemu mbili: programu ya kwanza kuitoa data, na ya pili kuibana ili ichukue nafasi ndogo. Ya kwanza ilikataliwa kuingia kwa sababu ilitumia nywila ya zamani, ikatoka mikono mitupu. Ya pili ilipokea utupu huo, ikaubana kwa uaminifu, na baiti 20 ndizo ukubwa wa faili iliyobanwa isiyo na kitu ndani. Kwa vile ratiba iliuliza tu kama sehemu ya mwisho imefanikiwa, nayo ilikuwa imefanikiwa, jibu lilikuwa "imefaulu" kila usiku kwa miezi mitano. Ukubwa wa faili ulikuwa mbele ya macho yangu, katika safu iliyo karibu na tarehe. Sikuutazama kwa kuwa hakuna aliyeniambia kuwa ukubwa nao ni habari, wala mimi sikuuliza.

Makarani walichapa upya kutoka kwenye vitabu vya risiti kwa wiki sita. Wateja ambao kurasa zao hazikupatikana waliombwa walete risiti walizopewa, na waliozipoteza wakaombwa walete mashahidi. Namkumbuka mama mmoja aliyekuja mara tatu, kila mara akiwa na jirani tofauti, kuthibitisha malipo ambayo sote tuliamini kuwa aliyalipa.

Baadaye nilifarijika, ingawa si sana, kujua kwamba wakubwa nao wamepatwa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, aliyekuwa akifanya kazi usiku, alifuta data kwenye seva asiyoikusudia. Takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimekaribia kutoweka zote alipong'amua. Walipoziendea nakala zao za kila siku walikuta hazipo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe, ikawa inashindwa kila siku. Barua pepe za kuonya kuwa imeshindwa zilikuwa zikikataliwa njiani na mfumo wa barua. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameitoa kwa mkono saa 6 hivi kabla ya hapo kwa ajili ya majaribio. Kampuni hiyo iliyaeleza yote haya hadharani, jambo ambalo taasisi zetu hazijalizoea.

Mwezi wa Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza terabaiti 77 za data za utafiti, faili zipatazo milioni 34 za makundi 14 ya watafiti. Kilichozifuta ni programu ya nakala rudufu yenyewe. Ilikuwa imeandikwa iondoe faili kongwe za matukio. Ilipobadilishwa na kuwekwa toleo jipya wakati la zamani lingali likifanya kazi, ikapoteza fahamu ya mahali pa kufuta, ikafuta data. Makundi 4 hayakuweza kurejeshewa data zake kutoka kwenye nakala. Wanafunzi wa uzamili wanaosoma makala haya wanajua miaka mitatu ya kazi ya nyanjani ni nini.

Kushughulikia hitilafu

Nakala inaposhindwa, watu hukimbilia kuianzisha upya. Mimi hushauri kwanza kuuliza: ni lini mara ya mwisho ilipokuwa nzima, na ni nini kilichobadilika tangu hapo? Katika visa nilivyoviona, jibu huwa katika mambo machache: nywila iliyobadilishwa, diski ya kupokea iliyojaa, toleo jipya la hifadhidata, seva iliyopewa jina au anwani nyingine, au mfanyakazi aliyeondoka na akaunti yake kufungwa, kumbe kazi ya usiku ilikuwa ikiendeshwa kwa jina lake. Hili la mwisho hutokea zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Ukubwa wa faili utazamwe kila siku na kuandikwa. Hifadhidata inayokua hutoa nakala inayokua. Nakala ikibaki vile vile kwa juma zima, au ikipungua ghafla, kuna jambo. Ujumbe wa kushindwa ukitumwa kwa barua pepe, basi ujumbe wa kufaulu nao utumwe, ili ukimya uwe dalili ya hatari badala ya kuwa dalili ya salama.

Wakati wa msiba wenyewe, usiandike chochote juu ya diski iliyoharibika wala usirejeshe nakala juu ya hifadhidata iliyoumia. Iweke pembeni kama ilivyo. Nimeona mtu akirejesha nakala ya siku kumi juu ya hifadhidata iliyokuwa na kasoro ndogo tu, na hivyo kuzipoteza siku kumi ambazo hazikuwa zimepotea.

Mahali pa kuweka nakala

Wataalamu husema ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Wapenzi wa ushairi hawahitaji kushawishiwa. Tungo nyingi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, zilibaki katika vinywa vya watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandika kwa kushirikiana na Mwingereza William Taylor. Miswada ya Taylor ikafika London, na diwani ikachapishwa mwaka wa 1940. Mtu aweza kulalamika kuwa urithi wetu unatunzwa ughaibuni, na lalamiko hilo lina haki yake. Hata hivyo nakala hiyo ipo.

Eldoret ina sababu zake za kulizingatia suala la umbali. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliukumba mji huu na viunga vyake vibaya mno. Barabara zilizibwa, watu wakakimbilia kambini na mikoa ya mbali, wakiwemo waliokuwa wakimeza dawa za kila siku ambazo hazipaswi kukatizwa. Katika hali kama hiyo, diski iliyowekwa nyumbani kwa msimamizi katika mtaa wa pili iko mbali sawa na iliyo ng'ambo ya bahari. Isitoshe, mgonjwa aliyekimbia hutokea katika zahanati nyingine, na rekodi yake yatakiwa iweze kupatikana huko.

Nakala moja lazima iwe imetenganishwa kabisa na mtandao. Tangu programu haramu ya WannaCry ilipozikumba hospitali za Uingereza tarehe 12 Mei 2017, imedhihirika kuwa wahalifu hufunga data na kudai fidia, na kilichounganishwa na seva hufungwa pamoja nayo. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, nakala inayotoka nje ya jengo yafaa isimbwe. Ufunguo wa kuisimbua usihifadhiwe ndani ya nakala hiyo hiyo. Msomaji anaweza kucheka, lakini hufanyika.

Jaribio la kurejesha

Lililobaki ni namna ya kufanya jaribio, ambalo mimi hulifanya mara moja kila robo ya mwaka. Chagua tarehe kwa kura, isiwe ya jana, maana ya jana kila mtu anaitazama. Tafuta seva nyingine, hata iwe kuukuu, na uitenge na mtandao kabla ya kuanza. Utengaji huu si urasimu. Mfumo uliorejeshwa hudhani ndio mfumo wenyewe, na ukiwa na uwezo wa kutuma arafa utawakumbusha wagonjwa miadi ya miezi mitatu iliyopita. Rejesha, kisha hesabu wagonjwa na ulinganishe na idadi iliyoandikwa katika daftari siku ile. Mwombe mhudumu, wala si fundi, achague rekodi kumi anazozifahamu na azisome kutoka mwanzo hadi mwisho. Fungua picha moja iliyoambatishwa. Tafuta Ng'etich, kisha umtafute tena kwa alama iliyopinda.

Ukimaliza, futa kila kitu kwenye seva ya majaribio, kwani hizo nazo ni siri za watu. Mwisho andika katika daftari ni nani aliyerejesha, nakala ya tarehe gani, kilichokosekana ni nini, na saa za kuanza na kumaliza: kwa mfano 14:10 hadi 17:45, na kando yake, saa nane na dakika kumi mchana hadi saa kumi na mbili kasorobo jioni.